Lodi wa Kiingereza aliyesomewa dua na imamu

Mwezi 21 Ramadhani mwaka 1321 wa Hijra, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ilikuwa Desemba 11, 1903, alifariki lodi mmoja katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mwezi 25 akazikwa. Jeneza lake halikupelekwa makaburini mwa kanisa, bali lilitiwa katika udongo wa bustani ya nyumba moja iliyokuwa ndani ya milki yake, mahali ambapo hakuna kasisi aliyepabariki. Mkuu wa wafiwa alikuwa katibu wa kwanza wa ubalozi wa Dola ya Uthmaniya huko London, na aliyesimama kaburini kusoma dua ni imamu wa ubalozi huo.

Marehemu aliitwa Henry Edward John Stanley, Lodi wa tatu wa Alderley. Ndiye Muislamu wa kwanza kukaa katika Baraza la Malodi la Uingereza, na alikaa humo miaka 34, tangu 1869 hadi kufa kwake. Huyu hakuwa mtu wa kupanda mimbari na kujitangaza. Aliyetaka kumjua dini yake ilimbidi amtazame alivyoishi, na mwishowe atazame alivyozikwa.

Kisa hiki niliwahi kukisimulia barazani baada ya swala ya Isha, nikadhani nitashangiliwa. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna tambuu akaguna, akauliza, "Muislamu gani huyo afichaye? Kama aliamini, mbona hakusema?" Kabla sijajibu, mwenziwe akamkumbusha sura ya Muumin, ile tuliyoisoma sote chuoni katika juzuu ya ishirini na nne, yenye habari ya mtu wa jamaa ya Firauni aliyekuwa akiificha imani yake. Mtu yule aliificha, lakini siku Musa alipotaka kuuawa, alisimama katika baraza la Firauni akasema neno. Mzee wa tambuu akanyamaza, ingawa sikumwona kuridhika. Nami tangu siku hiyo kila nikimsoma Stanley namsoma kwa swali hilo: je, alisema neno?

Tuanze na nasaba, maana kwa Waingereza wa tabaka lile, kama kwa masharifu na mawaziri wa kwetu, mtu huanza kuulizwa ni mwana wa nani. Wakina Stanley wa Alderley walikuwa watu wa mashamba mapana, huko Cheshire na katika kisiwa cha Anglesey upande wa Wales. Babu yake, John Thomas Stanley, alifunga safari ya kwenda Iceland mwaka 1789, wakati ambapo kisiwa hicho kilikuwa hakiendwi na watu. Akapewa ulodi mwaka 1839. Ndugu wa babu huyo alikuwa Askofu wa Norwich, na mtoto wa askofu huyo, Arthur Penrhyn Stanley, akawa mkuu wa kanisa la Westminster, lile ambalo wafalme wa Uingereza hutiwa taji ndani yake. Basi huyu kijana wetu alizaliwa, Julai 11, 1827, katika ukoo ulioshikamana na kanisa kwa mikono miwili.

Baba yake, Edward John Stanley, alikuwa mtu wa siasa hasa. Alipata kuwa naibu katika wizara ya mambo ya nje, kisha waziri wa biashara tangu 1855 hadi 1858, kisha waziri wa posta tangu 1860 hadi 1866. Alikuwa na ulimi mkali. Wenzake walimpachika jina la Ben, kwa kumfananisha na msengenyaji mmoja wa mchezo wa kuigiza uliokuwa maarufu siku zile. Mama yake, Henrietta Maria, binti wa ukoo wa Dillon, hakupungukiwa na ukali naye, lakini ukali wake aliutumia kwa jambo la maana: alikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo cha Girton, Cambridge, chuo kilichofungua mlango wa elimu ya juu kwa wanawake wa Kiingereza mwaka 1869.

Kijana akasomeshwa Eton, shule ya wana wa wakubwa, kisha Trinity College huko Cambridge. Na hapa ndipo njia yake ilipoanza kuchepuka. Wakati wenzake wakihangaika na Kilatini na Kiyunani, yeye alijishughulisha na Kiarabu. Aliyewahi kuketi mkekani na kupigwa fimbo kwa ajili ya irabu atajua kuwa Kiarabu si lugha ya kujifunza kwa mchezo; mtu haingii humo ila ana haja nayo. Mwaka 1847 akaajiriwa katika wizara ya mambo ya nje, akawa karani wa Palmerston, bwana mkubwa wa siasa za nje za Uingereza. Mwaka 1851 akapelekwa ubalozi wa Istanbul, baadaye Athens, kisha akawa katibu wa tume iliyoshughulikia majimbo ya mto Danube, nchi ambayo leo ni Romania. Huko alifanya jambo linalonipendeza mimi kwa kuwa ni mtu wa tungo: badala ya kuandika ripoti tu, alikusanya mashairi ya Waromania, akayatoa kitabu mwaka 1856. Karani wa serikali anayesikiza mashairi ya watu aliotumwa kuwachunguza ni kiumbe adimu.

Mwaka 1859 akauacha utumishi wa serikali. Akasafiri nchi za mashariki, na katika safari hizo ndipo habari zilipoanza kufika Uingereza kwamba mtoto mkubwa wa Lodi Stanley amesilimu. Fikiria, msomaji, mwaka wenyewe. Miaka miwili tu nyuma, India ilikuwa imewaka moto kwa maasi ya askari, na katika macho ya Waingereza wengi neno Muislamu lilikuwa sawa na neno adui. Na baba yake, ambaye mwaka uliofuata aliitwa tena katika baraza la mawaziri, ana mtoto anayesemwa kuwa anavaa kilemba na kuswali! Nyumba nzima ikataharuki. Mtoto hakutoa tangazo la kukiri wala la kujitenga na Uislamu. Aliendelea na mambo yake.

Hata alipooa, alioa kimya. Mwaka 1862 alifunga ndoa ya Kiislamu huko Algeria na mwanamke wa Kihispania aliyejulikana kwa jina la Fabia. Ukoo wake uliishi miaka saba bila kujua kuwa kaka mkubwa ana mke. Husimuliwa kuwa baba alipokufa mwaka 1869 ndipo alipomshika mkono bibi huyo na kumtambulisha kwa mama na nduguze, siku ile ile ya matanga. Mwaka huo huo ikafungwa ndoa ya serikali mjini London, na mwaka 1874 ikafungwa ya tatu, ya kanisa la Kikatoliki, dini aliyozaliwa nayo bibi.

Ndoa tatu kwa mke mmoja! Sababu za wingi huo zilikuja kudhihirika baadaye: Fabia alikuwa na mume wa kwanza huko Hispania, na mume huyo alikuwa hai hadi Mei 1870. Kwa maana hiyo akidi mbili za mwanzo hazikuwa na msingi. Mashekhe wetu hawatahitaji kuelezwa hukumu ya mwanamke aliye katika isma ya mtu. Wala hawatasahau kwamba sheria humtenga ajuaye na asiyejua. Kwa Waingereza lilikuwa jambo la kuchekea chumba cha chai. Kwangu mimi lina huzuni ndani yake. Mtu amekwenda hadi Algeria kutafuta akidi ya halali, kumbe chini ya zulia pana shimo. Watoto hawakujaaliwa kupata.

Sasa turudi mwaka 1869, maana baba kufa kulimfanya Henry kuwa lodi, na ulodi ulimpa kiti katika baraza. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Hapo kale aliyeingia bungeni alilazimika kuapa kwa imani ya kweli ya Mkristo. Kwa maneno hayo Mayahudi walizuiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1866 sheria ikabadilishwa, kiapo kikawa kimoja kwa wote, na mwisho wake ni kumwomba Mungu msaada, basi. Miaka mitatu baadaye Stanley akaingia. Aliapa kwa Mungu bila kusema uongo juu ya Mungu. Lau baba yake angalikufa miaka minne mapema, angalilazimika kuchagua baina ya ulimi wake na kiti chake, mbele ya malodi wote, na pale ficho lisingalimfaa.

Je, alisema neno? Alisema. Hakuwa msemaji wa kuvutia. Masikio yake yalikuwa mazito tangu ujana na kiziwi huwa hajui sauti yake imefika wapi. Lakini aliuliza maswali ambayo mabwana wale hawakupenda kuulizwa. Kabla hajawa lodi, mwaka 1865, alikwisha kutoa kitabu cha makala za watu mbalimbali juu ya jinsi Wazungu wanavyowatendea majirani zao wa mashariki. Ndani ya baraza aliendelea na habari hizo hizo. Mwaka 1875 mwakilishi wa Uingereza katika dola ya Perak, nchi ya Wamalay, aliuawa, na jeshi likapelekwa kulipiza. Stanley aliifikisha habari ya Perak mbele ya malodi, akitaka serikali ieleze ilichokuwa ikifanya katika nchi ya watu. Hakuizuia. Sultani Abdullah wa Perak alipelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1877, visiwa vile vile ambavyo baadaye viliwapokea Mwanga wa Buganda na Kabarega wa Bunyoro. Alipigania pia haki za Wahindi, katika siku ambazo kuwatetea ndani ya ukumbi ule kulikuwa ni kujitafutia kebehi.

Walakini jambo linalomfanya awe wetu, sisi wa mwambao, halikufanyika barazani. Lilifanyika mezani, kwa kalamu.

Katika London palikuwa na chama cha wasomi kiitwacho Hakluyt Society, ambacho kazi yake ni kuchapisha safari za kale. Stanley alikifanyia kazi kubwa, akafikia kuwa mmoja wa makamu wa rais wake. Na kitabu cha kwanza alichokitafsiria, mwaka 1866, kilikuwa ni sifa za pwani za Afrika Mashariki na Malabar za mwanzo wa karne ya kumi na sita, zilizoandikwa na Mreno Duarte Barbosa. Aliutoa katika hati ya kale ya Kihispania iliyokuwa katika maktaba ya Barcelona. Miaka mingi baadaye, tangu 1918 hadi 1921, chama hicho hicho kilitoa tafsiri nyingine iliyotokana na hati za Kireno, na hiyo ndiyo wataalamu huitumia zaidi. Lakini aliyetangulia kumpa msomaji wa Kiingereza kitabu kizima alikuwa yeye, wakati Mombasa ingali chini ya Seyyid Majid wa Unguja.

Kuna nini humo? Kuna sisi. Barbosa anapita mji kwa mji kama mtu aliyekuja na jahazi la kusi: Sofala, Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate na Lamu, Barawa, Mogadishu. Kilwa anaisifu kwa nyumba za mawe na chokaa, zenye sakafu juu na milango ya mbao iliyochongwa, na bustani zenye matunda na maji. Mombasa anaiita mji mzuri wa majumba marefu na njia zilizonyooka, wenye mfalme wake, na watu wa rangi zote, weupe, weusi na maji ya kunde. Wanawake wake anawaeleza kuwa huvaa hariri na dhahabu. Anataja bandari isiyokosa vyombo, kondoo wa mikia ya mafuta, ng'ombe, kuku, mchele, machungwa matamu na machungu, ndimu, makomamanga na ndizi. Mwenye kuzijua shamba za Kisauni na Likoni za zamani atajihisi yuko kwao.

Kisha, kwa kalamu ile ile isiyotetemeka, Barbosa anaeleza jinsi miji hiyo ilivyovunjwa. Kilwa ilitwaliwa na Wareno Julai 1505, na mwezi uliofuata Francisco de Almeida akaiteketeza Mombasa, kwa kuwa mfalme wake alikataa kutii. Mji ulioelezwa kwa makomamanga unaelezwa kwa moto. Nyumba zilizosifiwa kwa milango yake zinatekwa mali zilizomo, na watu wanauawa au kuchukuliwa mateka.

Hebu tupime jambo hili. Huko Ulaya ya karne ya kumi na tisa ilikuwa desturi kusema kwamba mwambao huu ulikuwa giza tupu, na kwamba Mzungu alikuja na taa. Mtu aliyetaka kusema vingine alihitaji shahidi. Stanley akamleta shahidi ambaye hakuna Mzungu wa kumkanusha, maana ni Mkristo na ni Mreno, mtumishi wa serikali ile ile iliyochoma moto. Shahidi anasema: tulikuta miji. Sidhani kuwa ni sadfa kwamba Muislamu yule, katika vitabu vyote vya safari vilivyokuwa vikisubiri mfasiri, alianza na hiki.

Mwaka 1869 akatoa kingine, safari tatu za Vasco da Gama kama zilivyoandikwa na Gaspar Correia. Correia hategemewi sana kwa usahihi wa kila jambo, maana aliandika miaka mingi baadaye, lakini hakuficha ukatili. Kwake utasoma habari za mwaka 1502, jahazi la mahujaji lililochomwa baharini likiwa na watu ndani, na mabaharia waliokatwa mikono, masikio na pua mbele ya Calicut. Wako wanaomjua da Gama kwa nguzo yake ya Malindi tu. Aliyesoma kitabu kile cha Stanley ataitazama nguzo hiyo kwa jicho la pili. Kazi zake nyingine sitakaa nazo: Ufilipino ya Antonio de Morga mwaka 1868, ambayo baadaye shujaa wa Wafilipino José Rizal naye aliishughulikia kitabu hicho hicho na kukitia maelezo, safari ya Magellan mwaka 1874, na ubalozi wa Wareno nchini Uhabeshi mwaka 1881.

Nduguze nao hawakuwa watu wa kawaida, na nikisema hivyo nasema kidogo. Siku za Jumapili mama yao, akiwa mjane, alikuwa akiwakusanya wanawe kwa chakula cha mchana nyumbani kwake katika mtaa wa Dover Street, London. Mjukuu wake mmoja aliyekuwa akihudhuria, mwanafalsafa Bertrand Russell, ameyasimulia mambo hayo. Russell ni mtoto wa Kate, dada yake Henry aliyefariki 1874, kwa hiyo Henry alikuwa mjomba wake hasa. Mezani palikuwa na mjomba Muislamu asiyesikia vizuri. Palikuwa na mjomba Algernon, kasisi wa Kianglikana aliyehamia Ukatoliki na mwaka 1903 akafanywa askofu wa Emmaus, cheo cha jina tu, maana Emmaus yenyewe ilikuwa Palestina mikononi mwa Sultani wa Uthmaniya. Palikuwa na mjomba Lyulph, asiyeamini dini yoyote, aliyekuwa mbunge wa Oldham tangu 1880 hadi 1885 na akapigania shule za watoto wa maskini wa London. Na palikuwa na mama mwenyewe, akiwapiga wote kwa maneno. Russell huyo ndiye aliyekuja kuandika mwaka 1927 kwa nini yeye si Mkristo. Mtoto aliyelelewa na makelele yale, ungetaraji nini?

Mabinti ndio walionishangaza zaidi. Maude hakuolewa, alifungua vilabu vya wasichana wafanyakazi katika mtaa wa Soho, London. Alice aliolewa na Pitt-Rivers, mkusanyaji wa vitu vya kale. Blanche alikuwa mke wa Lodi Airlie, na mjukuu wake Clementine ndiye aliyekuja kuwa mke wa Winston Churchill. Yaani kaka wa bibi mzaa mama wa mke wa Churchill alikuwa Muislamu. Na wa mwisho, Rosalind, mke wa Lodi Carlisle, alikuwa adui mkubwa wa ulevi katika Uingereza nzima, akafikia kuwa rais wa jumuiya ya wanawake wapingao pombe.

Katika jambo hilo la pombe, kaka na dada walikutana, kila mmoja kwa njia yake. Henry, alipokuwa mwenye milki, aliamuru vilabu vya pombe vilivyokuwa katika ardhi yake huko Nether Alderley vifungwe. Yule ambaye hakutoa tangazo juu ya sahada yake alilitoa tangazo hilo, na kila mkulima wa Cheshire aliyetoka shamba na kiu akalisikia.

Lakini lodi huyo huyo alitumia mali yake kutengeneza makanisa. Ndiyo, makanisa. Katika Anglesey alisaidia kukarabati kadhaa yaliyokuwa yakibomoka katika milki na jirani zake, na lijulikanalo zaidi ni la Llanbadrig, juu ya jabali la baharini, mahali ambapo wenyeji husema Mtakatifu Patrick alivunjikiwa na chombo. Kazi ilifanywa mwaka 1884. Atakayeingia humo ataona vigae vya buluu na vioo vya rangi vyenye mapambo ya maumbo na maua, bila sanamu wala sura ya mtu. Ni kama mtu amekumbuka Istanbul. Kanisa lile liliungua mwaka 1985 likatengenezwa tena.

Mzee wa tambuu nilipomweleza habari hii alikaribia kunivunjia mjadala. "Muislamu hajengi kanisa!" Sitaki kubishana na mzee, wala mimi si mufti. Nasema tu kwamba lodi alikuwa na wapangaji Wakristo, nyumba ya ibada yao inavuja, na yeye ndiye mwenye ardhi. Aliona ni deni la jirani. Na alipolilipa, alilipa kwa namna ambayo jicho lake mwenyewe lingeweza kulitazama ukuta bila kuona sanamu.

Basi akafa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na mwezi 25 wakamzika kama nilivyotangulia kusema. Nduguze walikuwapo, na hapo pana kichekesho ambacho ukoo ule ulikihifadhi. Husimuliwa kuwa Lyulph, asiyeamini chochote, alivua kofia yake kwa heshima jeneza lilipokuwa likishushwa. Algernon, askofu wa Kikatoliki, akamnong'oneza kwa hasira kwamba siyo kofia, mjinga wee, ni viatu. Askofu hakuijua sana fiqhi, lakini nia yake naiheshimu: alitaka kaka yake azikwe sawasawa kwa dini yake.

Mirathi haikugawanywa kwa hesabu zetu. Kwa desturi ya malodi, kwa kuwa Henry hakuacha mtoto, cheo na milki vikamwendea mdogo wake yule asiye na dini. Fabia alifariki 1905. Alderley yenyewe haikudumu katika ukoo. Jumba kubwa lilibomolewa katika miaka ya 1930, na mwaka 1950 ardhi ikanunuliwa na kampuni ya ICI ikafanywa mahali pa utafiti wa madawa.

Bado jambo moja la siku zile za Ramadhani. Katika mji wa Liverpool palikuwa na msikiti mdogo ulioanzishwa na wakili wa Kiingereza, Abdullah Quilliam, aliyesilimu mwaka 1887. Huyu alikuwa kinyume cha Stanley kwa kila hali: mpiga kelele, mchapishaji wa magazeti, mwenye kilemba mchana kweupe. Habari ya kifo ilipomfikia, Quilliam aliwasimamisha Waislamu wa msikiti ule, Waingereza wengi wao, wakajipanga safu wakaelekea kibla, wakamswalia lodi aliye mbali. Wasomaji wa madhehebu ya Shafii wanaijua swala ya maiti na kwamba huswaliwa hata kwa aliye mbali: takbira nne kwa kusimama, bila rukuu wala sijida.